Quds 2009: Mcheza kwao alipokatazwa kucheza

Tarehe 21 Machi 2009, polisi wa Israel waliingia katika uwanja wa shule mashariki ya mji wa Quds wakaanza kupasua maputo. Yalikuwa maputo ya rangi za bendera ya Palestina, na wanafunzi walikuwa kwenye sherehe yao. Kwengineko mjini maandamano ya watoto yalizuiwa, mabango yakateremshwa na mikusanyiko ikatawanywa. Watu kama 20 walikamatwa. Katika nchi nyingi za Kiarabu siku hiyo ya Machi 21 ndiyo siku ya kina mama.

Kilichokuwa kikisherehekewa ni utamaduni. Mwaka ule Quds, mji ambao wengi wetu hapa Pwani twauita Baitul-Maqdis, ulikuwa umepewa cheo cha Mji Mkuu wa Utamaduni wa Kiarabu. Maana yake ni mwaka mzima wa muziki, mashairi, michezo ya kuigiza, maonyesho ya picha na vitabu. Sisi tuna msemo wetu, mcheza kwao hutuzwa. Kule mcheza kwao alipandishwa gari la polisi.

Nayarejelea haya ya miaka mingi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hayajakwisha. Mwezi wa Februari 2025 polisi waliingia katika duka la vitabu linalojulikana sana kwenye barabara ya Salah al-Din, hapo hapo mashariki ya Quds, wakachukua vitabu na kuwakamata wenye duka. Miongoni mwa vitabu vilivyotajwa kuwa ushahidi ni kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Ya pili ni ya kwetu. Kila baada ya muda hapa Pwani huzuka mipango ya matamasha ya utamaduni, na kila mara maswali yanayoulizwa ni yale yale: bajeti ni kiasi gani, mgeni rasmi ni nani, watalii watakuja wangapi. Nadhani mwaka wa Quds watufundisha kuuliza swali jingine, la nani ana ruhusa ya kukusanyika katika mji wake na ufunguo wa ukumbi uko mkononi mwa nani.

Kwanza tujue cheo chenyewe kimetoka wapi. Fikra hii ilianzia Ugiriki. Melina Mercouri, mwigizaji filamu aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni, alipendekeza kwa wenzake wa Ulaya kwamba kila mwaka mji mmoja uchaguliwe uwe kitovu cha sanaa, na mwaka 1985 Athens ukawa wa kwanza. Waarabu walilipokea wazo hilo kupitia ALECSO, shirika lao la elimu, utamaduni na sayansi lenye makao yake Tunis, kwa kushirikiana na UNESCO. Cairo ukaanza mwaka 1996. Zamu ikazunguka: Tunis, Sharjah, Beirut, Riyadh, na kadhalika. Mwaka 2006 ilifika Maskati, mji ambao ndani ya nyumba zake nyingi Kiswahili kingali chazungumzwa na familia zilizotoka Unguja, Pemba na kwetu bara. Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya Kuwait.

Mambo yanayofanyika ni yale yale karibu kila mahali. Huundwa kamati, nembo ikachorwa, kukajengwa ukumbi mmoja au miwili, vitabu vya zamani vikachapishwa upya kwa jalada la kumetameta, na nchi nyingine zikaleta vikundi vyao kwa wiki moja moja. Wanaokuja kwenye ufunguzi ni mawaziri, na kwenye kufunga huja manaibu wao.

Quds haukuwa ndio uliotazamiwa mwaka 2009. Zamu ile ilikuwa ya Baghdad, lakini Iraq ikasema hali ya usalama haiwaruhusu, na nafasi ikapewa Quds. Kisha, kabla mambo hayajaanza, vikaja vita vya Gaza vya kutoka mwisho wa Desemba 2008 hadi katikati ya Januari 2009. Nani angepiga udi wiki ile? Ufunguzi ukaahirishwa. Sherehe rasmi ya kuufungua mwaka wa Quds ilipofanyika mwezi Machi, ilifanyika Bethlehem. Kutoka Bethlehem hadi Quds ni mwendo wa kilomita chache tu, pungufu ya kutoka Likoni hadi Tiwi, lakini katikati kuna ukuta, na mtu wa Bethlehem hawezi kuuvuka bila kibali cha jeshi.

Hoja ya serikali ya Israel ilikuwa ya kisheria. Mapatano ya miaka ya tisini baina yao na Wapalestina yaliikataza Mamlaka ya Palestina kuendesha shughuli zake ndani ya Quds. Kwa hivyo, walisema, lolote linalofanywa kwa jina au kwa pesa za Mamlaka ni haramu, hata likiwa ni mashairi. Waziri wa usalama wa ndani wa wakati ule, Avi Dichter, akatia saini amri za kuyazuia. Amri zikafika mpaka Nazareth, mji wa Waarabu walio raia wa Israel wenyewe.

Tuseme kwa haki. Cheo kile hakikuwa cha sanaa tupu. Waliokitoa walijua, na Mamlaka ya Palestina ilijua, kwamba kuuita Quds mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu ni kusema jambo juu ya Quds ni wa nani. Israel iliuteka upande wa mashariki mwaka 1967, ikapitisha sheria mwaka 1980 ya kuutangaza mji mzima kuwa mji wake mkuu, na dunia kubwa haikuikubali sheria hiyo. Basi siasa ilikuwemo. Lakini hebu nitajieni mji ambao mwaka wake wa utamaduni haukuwa na siasa! Damascus mwaka 2008, serikali ya Syria ilimleta Fairuz kuimba katika jumba lake la opera baada ya miaka mingi ya kutoonekana huko, na wanasiasa wa Lebanon wakagombana wiki nzima kama alistahili kwenda au la. Hakuna aliyekwenda kupasua maputo ya watoto wa Damascus kwa sababu hiyo. Siasa ya mwenye nguvu hupita kwa jina la sherehe. Ya asiye na nguvu ndiyo huitwa uchochezi.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo halikusemwa sana, labda kwa sababu liliwafedhehesha wengi. Mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu ulikuwa ni mji ambao Waarabu hawawezi kuuingia. Mwaka 2009 nchi za Kiarabu zenye ubalozi na Israel zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, Misri na Jordan zikiwa mbele. Mshairi wa Beirut, sheria ya nchi yake yamkataza kukanyaga huko. Mpiga udi wa Algiers hana njia. Na hata yule wa Cairo au Amman, ambaye karatasi zake zingekubalika, alijua kuwa kwenda ni kuomba viza kwa Israel, na vyama vya wasanii wa nchi yake vingemuandama kwa kosa la kusalimiana na mkaliaji. Hapo ndipo palipo ajabu: mtu wa Mombasa au Lamu mwenye pasipoti ya Kenya aweza kwenda ziara akaswali Al-Aqsa na kurudi na tende na tasbihi, na mwimbaji wa Beirut aliyeuimba Quds maisha yake yote asiuone.

Kwa hivyo sherehe za Quds zikafanyika kwengine. Miji mikuu ya Kiarabu iliandaa usiku wa Quds, ikapamba majukwaa kwa picha ya Kuba la Mwamba, viongozi wakahutubia. Sidharau. Kumbukumbu ni kitu. Lakini mkaazi wa Quds aliyekuwa na ukumbi usiolipiwa umeme alipata nini katika hotuba ya Doha au Damascus? Azimio la mawaziri halipiti kizuizi cha Qalandia. Wizara za Kiarabu zilitoa cheo, zikapiga makofi, zikaendelea na orodha. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Doha, ambako pesa hazikuwa tatizo.

Ndani ya Quds penyewe kazi ilibakia kwa watu wa pale. Mashariki ya mji kuna Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza wa Palestina, uliokuwa ukijulikana kwa jina la Al-Hakawati, yaani msimulizi wa hadithi, na ulioanzishwa mwaka 1984 na wasanii wenyewe. Mwezi wa Mei 2009 ukumbi huo ulikuwa ufungue tamasha la fasihi la PalFest, ambalo mwandishi wa Misri Ahdaf Soueif na wenzake walikuwa wamelianzisha mwaka mmoja kabla. Tamasha hilo lina utaratibu wa ajabu na wa busara. Kwa kuwa msikilizaji wa Jenin hawezi kwenda Ramallah kwa urahisi, wala wa Bethlehem kufika Quds, waandishi ndio huzunguka kutoka mji hadi mji, wakipitia vizuizi vile vile, wamfuate msikilizaji alipo.

Na katika msafara ule wa 2009 tulikuwamo. Naam, sisi. Alikuwamo Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, miaka kumi na miwili kabla Nobel haijamtambulisha kwa watu ambao hawakuwa wakimsoma. Alikuwamo M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam. Walikuwamo pia Henning Mankell wa Sweden, aliyeishi miaka mingi Msumbiji, na Michael Palin wa Uingereza, yule mchekeshaji. Usiku wa kwanza, wageni wameshakaa, polisi wakaingia na amri ya kuufunga ukumbi. Hadhira na waandishi wakatoka, wakatembea kwa miguu hadi kituo cha utamaduni cha Ufaransa, wakasomea huko. Usiku wa mwisho, siku chache baadaye, amri ikaja tena katika ukumbi ule ule, na safari hii waliokaribisha ni British Council.

Nimelifikiri sana tukio hilo kwa ajili ya Gurnah. Vitabu vyake vimejaa watu waliofukuzwa majumbani mwao na serikali mpya zenye bunduki na karatasi, na watu wanaofika kwenye meza ya afisa wa uhamiaji wakaamua kunyamaza. Mtu aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964 hahitaji kuelezwa maana ya amri inayosomwa mlangoni. Lakini tazama pia mwisho wa kisa. Palestina wasomaji wa Kiarabu walinusuriwa na ua la balozi za Ulaya. Shairi la Kiarabu, katika mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu, likasomwa salama kwa kuwa mlinzi wa mlango ni Mfaransa. Sijui kama katika ukumbi wa mawaziri kuna aliyeona haya.

Sasa tuitazame ile miji mingine, iliyopewa cheo na ikaachwa icheze itakavyo. Mtu angetarajia kuwa huko ndiko mafanikio yalipo.

Sana'a ulisherehekewa 2004. Juni 2015 mabomu yaliangukia mji wake wa kale, zile nyumba ndefu za matofali zenye nakshi ya chokaa ambazo babu zetu waliosafiri na majahazi walizisimulia. Khartoum ulisherehekewa 2005, mwaka wa mapatano ya amani ya kaskazini na kusini. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeliacha jumba lake la makumbusho ya taifa limeporwa. Damascus ulisherehekewa 2008, na miaka mitatu haikutimia kabla nchi haijawaka. Sisemi cheo kilileta nuksi. Nasema tu kwamba wapo waliotuambia kuwa utamaduni ni ngao ya mji, na orodha hii haiwaungi mkono.

Kisha kuna Constantine, kule Algeria, mji wa madaraja marefu juu ya bonde lenye kina cha kutisha. Zamu yake ilifunguliwa tarehe 16 Aprili 2015, siku ambayo Waalgeria huiita siku ya elimu, kwa kumbukumbu ya Sheikh Abdelhamid Ben Badis, mtoto wa mji huo aliyefariki siku kama hiyo mwaka 1940. Pesa zilimwagwa. Kampuni ya Kichina ilijenga ukumbi mkubwa wa muziki wenye viti 3,000 nje ya mji. Mji wa kale, ule wenye vichochoro na nyumba zinazobomoka, uliahidiwa ukarabati, na kazi nyingi kati ya hizo zilikuwa bado hazijakwisha wageni walipofika, na nyingine hazikwisha hata walipoondoka. Ukumbi mpya ni rahisi kuukata utepe. Nyumba ya kale ina warithi kumi na wawili wasioelewana, fundi wa chokaa hapatikani, na waziri hawezi kupigwa picha mbele ya bomba la maji taka. Wenzetu wanaokaa mji wa kale wa Mombasa au Lamu hawana haja ya kuelezwa zaidi hapo.

Hata hivyo Constantine una kitu ambacho hakikutoka kwenye bajeti ile. Ni maluf, muziki wa asili ya Andalusia, ambao hufundishwa na baba kwa mwana na na vyama vya mtaani. Bingwa wake mkubwa, Mohamed Tahar Fergani, alifariki Desemba 2016, miezi michache baada ya mwaka ule wa shangwe kufungwa. Watoto wake na wanafunzi wake ndio wanaouendeleza. Viti 3,000 havikuwahi kumfundisha mtu maluf.

Mfano wa karibuni zaidi ni Tripoli ya Lebanon, mwaka 2024. Ule ni mji maskini katika nchi iliyofilisika tangu 2019. Mwezi Aprili 2022 boti iliyojaa watu wakitafuta njia ya kwenda Ulaya ilizama karibu na pwani yake. Una kiwanja cha maonyesho kilichochorwa na Oscar Niemeyer, Mbrazili yule aliyesanifu majumba ya Brasília. Ujenzi wake ulisimamishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 na haukukamilika mpaka leo, na Januari 2023 UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sherehe zilizinduliwa Mei 2024 katika kiwanja hicho. Kufikia Septemba vita vilitanda Lebanon nzima, na Tripoli ukawa unapokea waliohama kutoka kusini. Shule zikawa malazi. Nikiulizwa mji ule ulifanya nini katika mwaka wake wa utamaduni, nitajibu ulipokea wageni, na huo nao ni utamaduni, ingawa haukuwemo kwenye ratiba.

Turudi nyumbani, maana najua wapo wanaouliza haya yote yatuhusu nini.

Sanaa za Waarabu kwetu si kitu cha kualikwa. Udi na kanuni vilifika, vikakutana na ngoma zetu na ushairi wetu, na kilichozaliwa si cha Cairo tena. Zein l'Abdin wa Lamu alipiga udi kwa namna ambayo Mwarabu angeijua na asingeiweza. Hatukuhitaji mwaka rasmi kulifanya hilo. Lilifanyika harusini na barazani, kwa watu kuchangishana.

Na tuna mfano mkubwa zaidi, ambao kwa kuuzoea hatuuoni. Maulidi ya Lamu yanayofungamana na Msikiti wa Riyadha na jina la Habib Swaleh yana zaidi ya miaka mia moja. Watu hutoka Tanzania, Visiwa vya Ngazija na kwengineko. Hakuna shirika lililoyapa cheo. Wageni hulala majumbani mwa watu, ubwabwa hupikwa na mitaa, matari na nai hupigwa na watu ambao kesho yake wanarudi dukani na baharini. UNESCO iliuandikisha mji wa kale wa Lamu kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na ni vyema. Maulidi hayakungoja.

Pembeni yake tuna matamasha ya utamaduni ya kisasa, yenye mbio za punda na za mashua, maonyesho ya hina na mashindano ya bao. Nayapenda, sina ugomvi nayo. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria tamasha moja hapa Pwani, sitalitaja, ambapo wazee waliokuja kucheza kirumbizi walikalishwa nyuma ya hema tangu alasiri. Hotuba zikafuatana. Mgeni rasmi akachelewa, akaja, akahutubia, akaondoka na msafara wake na kamera zote zikaondoka naye. Magharibi ikaadhiniwa. Wazee wakachukua fimbo zao wakaenda msikitini, hawakucheza. Mmoja, jirani yangu, nilimuuliza njiani kama walilipwa. Akanijibu, "Mwanangu, tumepawa maji ya chupa." Jambo lililomkera zaidi halikuwa pesa. Kabla ya hapo walikuwa wakicheza katika uwanja ule ule siku za sikukuu bila kumuuliza mtu, na tangu uwanja utengenezwe kwa ajili ya matamasha umewekwa ukuta na lango, na mwenye ufunguo anakaa ofisini.

Naona haya kulinganisha lango hilo na polisi wa Quds, na sitalinganisha. Kule watu wananyimwa mji wenyewe. Hapa ni uzembe, tena wetu sisi kwa sisi. Ila mtu aliyezuiwa kucheza kwao, awe amezuiwa kwa amri ya waziri au kwa kufuli la afisa, amepoteza kitu cha aina moja. Quds uliponyang'anywa majukwaa, mwaka wake uliendelea katika madarasa, vyumba vya wageni na nyua za balozi kwa sababu waliokuwa wakiufanya ni wenyewe. Walishautenda kabla ya cheo na wangeutenda baada yake. Nina wasiwasi kuwa sisi twaelekea upande wa pili, ambapo jukwaa lipo, taa zipo, nembo ipo, na wenye ngoma wako nyuma ya hema.

Serikali za kaunti zimepewa na Katiba ya 2010 jukumu la shughuli za utamaduni na burudani za umma. Si jambo dogo. Maana yake kamati hizi ziko karibu nasi, twaweza kuzifikia, na diwani tunamjua kwao. Basi ratiba ya tamasha lijalo itakapotolewa, mimi nitaanza kusoma mwisho, kwenye karatasi ya bajeti, kuona fungu la wazee wa kirumbizi, mafundi wa udi na vyuo vya watoto limeandikwa shilingi ngapi, na kama lango la uwanja litakuwa wazi siku ya pili yake. Kisha nitamfikishia habari jirani yangu, aamue mwenyewe kama atatoa fimbo yake ndani.